Tumemnyang'anya simu, tukamwacha ndani

Tangu Februari 2025 kuna tarakimu moja inayozunguka kwenye makundi ya wazazi: asilimia 21. Chanzo chake ni uchambuzi uliochapishwa mwezi huo katika jarida la kitabibu la JAMA Network Open. Watafiti waliunganisha tafiti 45 zenye washiriki 335,524, wakakuta kwamba kila saa moja ya skrini inayoongezeka kwa siku inaambatana na ongezeko la asilimia 21 la uwezekano wa mtu kuwa na tatizo la kutoona mbali. Ikipita mikono mitatu, tarakimu hiyo huwa imeshageuka sura: "Saa moja ya simu inaua asilimia 21 ya macho ya mtoto." Kisha Desemba 10 mwaka huohuo Australia ikaanza kutekeleza sheria inayowazuia walio chini ya miaka 16 kuwa na akaunti kwenye mitandao mikubwa ya kijamii. Sheria ile ilitungwa kwa hoja za usalama na afya ya akili, wala haikuwa na habari na miwani, lakini wapo walioibeba kama ushahidi kwamba hatimaye kuna nchi imeamua kuokoa macho ya watoto wake.

Naona tarakimu ile imesomwa vibaya, na hatua zinazochukuliwa kwa jina lake zinalenga pasipo. Skrini haichomi jicho la mtoto. Kinacholiharibu ni kutazama karibu saa nyingi mfululizo wakati jicho bado linakua, na zaidi ya hapo, ni kukosa mwanga wa mchana. Skrini ni njia mojawapo ya kufika huko, tena kwa sasa ni njia pana kuliko zote, ila si ya pekee na wala si ya kwanza. Ndiyo maana mzazi anayempokonya mwanawe simu, akamkabidhi daftari la mazoezi kwenye meza ileile ndani ya chumba kilekile, amebadilisha kidogo sana, ingawa moyoni anahisi amefanya kazi kubwa.

Tuanze na hesabu, kwa sababu ndiko upotoshaji ulikoanzia. Asilimia 21 haihesabu watoto. Inahesabu uwiano wa wenye tatizo kwa wasio nalo. Chukua watoto 100 ambao 30 kati yao wangekuwa na tatizo hata bila kuongezewa saa. Ongeza saa moja ya skrini kwa kipimo kile, nao watafika kama 34. Hawafiki 51, na hakuna hata mmoja aliyepoteza asilimia 21 ya uwezo wake wa kuona. Uchambuzi uleule ulionyesha pia kwamba chini ya saa moja kwa siku hatari haikuonekana kuwa na uzito, kwamba inapanda kwa kasi kati ya saa moja na nne, na kwamba mwenye saa nne uwiano wake unakaribia mara mbili ya asiyetumia kabisa. Hilo si jambo dogo, na sitaki msomaji adhani nalipuuza. Lakini ni matokeo ya kuambatana tu. Mtoto mwenye saa nne za skrini ana saa nne ambazo hayuko uwanjani, na mara nyingi zilizohesabiwa ni saa peke yake, kwa kumuuliza mzazi, bila kujua simu ilishikwa umbali gani wala taa ilikuwa ya namna gani. Aliyeona moshi na jivu pamoja hajaonyesha bado kwamba moshi ndio uliozaa jivu.

Ili tuelewane, lazima tuingie ndani ya jicho kidogo. Mtoto huzaliwa na jicho fupi, lenye urefu wa milimita kama 17 kutoka mbele hadi nyuma, nalo hurefuka hadi kufikia milimita 24 hivi utu uzimani. Urefu huo unatakiwa ulingane na nguvu ya lenzi na ya konea, kile kioo cha mbele ya jicho, ili picha iangukie barabara juu ya retina, utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga. Jicho likipitiliza, picha inaangukia mbele ya retina, na ubao wa darasani unakuwa ukungu huku kitabu kilicho mkononi kikisomeka vizuri tu. Huko ndiko kutoona mbali, au maiopia kama wanavyoiita wataalamu. Milimita moja ya ziada inatosha kumpeleka mtoto kwenye miwani ya takriban dayopta (kipimo cha nguvu ya lenzi) mbili na nusu hadi tatu. Kwa hiyo hakuna "kuungua" wala "kuchakaa" hapa. Jicho limekua kupita kiasi, na likisharefuka halirudi. Swali la maana basi ni kipi kinachoagiza jicho lisimame na kipi kinachoifuta amri hiyo.

Hofu hii ni ya zamani kuliko umeme majumbani. Mwaka 1867 daktari wa macho Hermann Cohn alipima macho ya wanafunzi 10,060 huko Breslau, mji ambao leo ni Wrocław nchini Poland. Aliona kwamba watoto wa shule za vijijini hawakuwa na tatizo sana, na kwamba kadiri mwanafunzi alivyopanda madarasa ndivyo miwani ilivyozidi. Cohn akayapigia kelele madawati mabovu na madarasa yenye giza. Karne moja baadaye, mwaka 1969, watafiti walipima familia za Wainuiti, wenyeji wa asili wa kaskazini, huko Barrow, Alaska: kati ya watu wazima 131 waliokuwa wamekulia katika jamii zilizojitenga, wawili tu ndio walikuwa na tatizo, lakini zaidi ya nusu ya watoto na wajukuu wao, kizazi kilichopelekwa shule, walikuwa nalo. Vinasaba havibadiliki kwa kasi hiyo kati ya babu na mjukuu. Mwaka 2018 jarida la kitabibu la BMJ likachapisha utafiti wa Waingereza 67,798 uliotumia tofauti za vinasaba kutenganisha sababu na matokeo, ukahitimisha kwamba kila mwaka wa ziada wa masomo unamsogeza mtu wastani wa dayopta 0.27 kuelekea kutoona mbali, wala si kwamba wasioona mbali ndio wanaopenda kusoma. Mimi mwenyewe nilivalishwa miwani nikiwa darasa la tano, nyumbani kwetu kukiwa na redio na rundo la vitabu, na mama akailaumu taa hafifu ya chumbani. Hakuwa mbali na ukweli, ingawa taa aliyopaswa kuilaumu ilikuwa nje ya dirisha, na mimi sikuwa nikitoka kuifuata.

Sasa njoo kwenye utafiti ambao kwangu ndio ufunguo wa jambo lote, na nashangaa unavyotajwa kwa nadra. Mwaka 2008 watafiti walilinganisha watoto wa asili ya Kichina wenye umri wa miaka sita na saba katika miji miwili, Sydney ya Australia na Singapore. Asili ni moja, na kiwango cha wazazi wasioona mbali kilikaribiana. Singapore, watoto wenye tatizo walikuwa asilimia 29.1. Sydney walikuwa asilimia 3.3. Ungedhani basi wale wa Sydney walikuwa hawasomi. La hasha: kwa wiki walisoma vitabu vingi zaidi na walifanya kazi nyingi zaidi za kutazama karibu. Tofauti kubwa iliyojitokeza ilikuwa muda wa kuwa nje: saa 13.75 kwa wiki Sydney, saa 3.05 Singapore. Wanaoishangilia Australia kwa sheria ya mitandao wangeanza na hilo. Macho ya watoto wale yalikuwa salama miaka mingi kabla ya sheria, na aliyeyalinda hakuwa mbunge.

Kwa nini kuwa nje kuwe na nguvu hivyo? Maelezo yanayokubalika zaidi ni mwanga wenyewe. Chumba cha kawaida chenye taa kinatoa mwanga usiozidi luksi (kipimo cha ukali wa mwanga) mia chache. Nje mchana unapata luksi 10,000, na jua likiwa kali zinapita 100,000. Tofauti ni ya mara mia, lakini hatuihisi, kwa sababu mboni hujibana tukitoka na kutanuka tukiingia, na ubongo unatuambia kote ni "mchana" tu. Macho ni shahidi mbovu katika kesi inayoyahusu yenyewe. Mwanga mkali huifanya retina itoe kemikali ya dopamini, na dopamini hiyo inaonekana kuwa sehemu ya ile amri ya kuliambia jicho lisirefuke zaidi. Katika majaribio ya vifaranga, mwanga mkali ulipunguza kurefuka kwa jicho, na vifaranga walipopewa dawa inayozuia dopamini, kinga ile ikaondoka. Wapo wanasayansi wanaosema kuna kingine pia: nje vitu vingi viko mbali na vimetawanyika kwa usawa, tofauti na chumbani ambako kila kona ina umbali wake. Mjadala huo haujaisha, na mzazi hana haja ya kuusubiri umalizike, maana mtoto akitoka nje anapata vyote viwili kwa mpigo.

Na hili halikuishia kwenye kulinganisha miji. Limejaribiwa. Huko Guangzhou, China, shule 12 ziligawanywa kwa bahati nasibu: sita zikaongeza dakika 40 za shughuli za nje kila siku ya masomo, sita zikaendelea na ratiba yao. Baada ya miaka mitatu, watoto waliopata tatizo kwa mara ya kwanza walikuwa asilimia 30.4 katika shule zilizotoa watoto nje na asilimia 39.5 katika zile nyingine. Matokeo yalichapishwa mwaka 2015. Taiwan ilikuwa imeshatangulia: mwaka 2010 ilianzisha mpango wa shule wa kumhimiza kila mtoto awe nje dakika 120 kwa siku, na wastani wa watoto wa shule za msingi wenye uoni hafifu, uliokuwa ukipanda kwa miaka mingi, ukashuka kutoka asilimia 49.4 mwaka 2012 hadi 46.1 mwaka 2015. Si muujiza. Ni haki pia kusema kwamba kinga hii hufanya kazi vizuri kabla tatizo halijaanza. Kwa mtoto ambaye jicho lake limeshaanza kurefuka, ushahidi kwamba jua litapunguza kasi ni dhaifu zaidi. Lakini nioneshe jaribio la kupunguza saa za simu peke yake, bila kumtoa mtoto nje, lililoleta matokeo ya namna hiyo.

Hapa wapinzani wangu wana hoja nzito, na nitaipa nafasi yake. Wanasema: kulinganisha simu na kitabu ni kujidanganya. Mtazame mtoto wa miaka minne mwenye simu. Amelala kifudifudi, viwiko vimezama kwenye godoro, simu iko kiganja kimoja kutoka puani. Hapepesi macho. Kitabu kina ukurasa wa kufunua, kina mwisho, na mtoto wa miaka minne hawezi kukisoma saa tatu. Video haina mwisho. Ikiisha hii inaanza ile bila kuombwa. Na hesabu ya umbali inawaunga mkono. Mzigo wa kulenga unapimwa kwa kugawa moja kwa umbali wa mita: televisheni iliyo mita tatu inalidai jicho theluthi moja ya dayopta, kitabu cha sentimita 33 kinalidai tatu, simu ya sentimita 20 inalidai tano. Ndiyo maana sikubaliani pia na wale wanaosema "sisi tulikua na televisheni na hatukupofuka." Televisheni ilikuwa ukutani. Simu imeingia ndani ya mkono mfupi wa mtoto, tena imeingia miaka mitatu au minne kabla ya shule, wakati jicho liko katika kipindi chake chepesi zaidi cha kubadilika. Cohn hakuwahi kukutana na mtoto wa miaka miwili anayetazama karibu saa mbili kwa siku. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa 2019, linashauri mtoto wa chini ya miaka miwili asiwekwe mbele ya skrini kabisa, na wa miaka miwili hadi minne asizidi saa moja. Mwongozo huo ulitungwa kwa ajili ya mwendo, usingizi na kukaa kitako kuliko macho, ila mimi naukubali kwa mikono miwili.

Nakubali, basi, kwamba skrini inaongeza mzigo. Ninachokataa ni kuigeuza iwe mzigo wote, na kipindi cha Uviko kinanipa sababu. Katika mji wa Feicheng, China, watoto hupimwa macho shuleni mwaka baada ya mwaka, na kipimo cha Juni 2020, baada ya miezi ya kufungiwa ndani, kiliwatisha watafiti. Miongoni mwa watoto wa miaka sita, wenye tatizo walikuwa asilimia 21.5, wakati katika miaka mitano iliyotangulia hawakuwahi kuzidi 5.7. Habari ikaenea kwamba masomo ya mtandaoni ndiyo yaliyofanya hivyo. Lakini ukisoma ndani, madarasa ya juu ndiyo yaliyopewa masomo mengi zaidi ya mtandaoni, na macho yao yalibadilika kidogo mno. Waliobadilika zaidi ni wadogo wa miaka sita hadi minane, waliopewa masomo machache. Unaweza kujibu kwamba macho ya wadogo ni mepesi kubadilika, na utakuwa sahihi. Unaweza kuongeza kwamba wadogo walitazama katuni ambazo hakuna aliyezihesabu, na pengine utakuwa sahihi tena. Lakini kitu kimoja kilichowapata wote, wakubwa kwa wadogo, hakihitaji kukisiwa: mlango ulifungwa. Mtoto wa miaka sita ambaye kwa kawaida hushinda nje alinyang'anywa jua kwa miezi mitano mfululizo.

Kuna hoja nyingine, ambayo ndiyo dhaifu kuliko zote na ndiyo inayouza zaidi: mwanga wa bluu. Miwani yenye lenzi za manjano kidogo, vibandiko vya kioo cha simu, kitufe cha "kulinda macho", vyote vinategemea dai kwamba rangi ya bluu inayotoka kwenye skrini inaharibu macho. Mapitio ya mwaka 2023 ya Cochrane, mtandao wa watafiti wanaochambua tafiti za kitabibu, yaliyokusanya majaribio 17, hayakuona kwamba lenzi hizo zinapunguza uchovu wa macho wa muda mfupi kwa watumiaji wa kompyuta kuliko lenzi za kawaida. Lakini hata bila Cochrane, dai hili linajiangusha lenyewe. Chanzo kikuu cha mwanga wa bluu duniani ni anga, na anga linatoa mwingi kuliko simu yoyote iliyowahi kutengenezwa. Kama bluu ndiyo inayoharibu macho ya watoto, basi wale wa Sydney waliokuwa nje saa 13 kwa wiki wangekuwa wa kwanza kuharibika, na waliojifungia Singapore wangekuwa salama. Mambo yamekwenda kinyume kabisa. Mwanga wa simu usiku una kesi nyingine ya kujibu kuhusu usingizi, na simu kitandani ni ya kuondolewa kwa sababu hiyo peke yake. Lakini mzazi anayemnunulia mtoto miwani ya bluu na kuhisi amemaliza, amenunua ruhusa ya kumwacha ndani saa mbili zaidi.

Macho makavu, mekundu, yanayowasha baada ya saa za simu nayo huingizwa kwenye kapu hilohilo. Hayo ni kweli, na sababu yake ni ya kawaida sana: mtu akikodolea skrini hupepesa macho mara chache kuliko kawaida, na machozi yanakauka juu ya konea. Yanapita akipumzika. Kanuni ya kila dakika 20 kutazama kitu kilicho mita sita kwa sekunde 20 inasaidia hapo. Isichukuliwe kama kinga ya kutoona mbali; sekunde 20 za kutazama ukuta wa pili wa chumba hazimpi mtoto luksi hata moja ya ziada.

Kuna kosa jingine, nalo linaniumiza zaidi kwa sababu nimelishuhudia. Katika chumba cha kusubiri cha daktari wa macho nilimsikia mama mmoja akisema mwanawe hahitaji miwani, ni simu tu, na simu ameshaificha kabatini. "Akikaa miezi miwili bila simu, daktari, si yatarudi?" Daktari alimjibu kwa upole: "Mama, hayarudi. Jicho limeshakuwa refu. Mvalishe miwani aone ubao, halafu uniambie, huwa anacheza nje kwa muda gani?" Mama akanyamaza kidogo. Swali lake mwenyewe alikuwa amejiandaa nalo nyumbani. La daktari hakuwa amelitarajia. Hili ndilo tatizo la kuifanya simu mshtakiwa pekee: kumwadhibu mshtakiwa kunahesabiwa kuwa ndiyo matibabu. Miwani inacheleweshwa, na mtoto anaendelea kunakili daftari la jirani yake kwa sababu haoni ubao. Wengine humpa mtoto miwani yenye nguvu pungufu wakiamini macho "yatajikaza". Jaribio lililochapishwa mwaka 2002, la watoto nchini Malaysia, lilijaribu hivyo hasa, na waliovalishwa miwani pungufu ndio macho yao yaliharibika haraka zaidi.

Pengine msomaji anajiuliza, kelele zote hizi za nini, si miwani ipo? Ipo, na kwa wengi itatosha. Lakini miwani inaisogeza picha irudi juu ya retina, haifupishi jicho. Jicho lililovutwa sana lina retina iliyotandazwa kuliko ilivyokusudiwa, na mwenye tatizo kali yuko kwenye hatari kubwa zaidi ya retina kubanduka, ya presha ya macho, na ya kuharibika kwa kitovu cha retina akiwa bado mtu mzima wa kazi. Makadirio yaliyochapishwa mwaka 2016 yanasema kufikia 2050 karibu nusu ya watu duniani watakuwa hawaoni mbali, na kama watu bilioni moja kati yao watakuwa na tatizo kali. Matone ya macho ya dawa ya atropini ya kiwango kidogo na lenzi maalumu vinaweza kupunguza kasi ya jicho kurefuka, na ni habari njema, lakini vinadai daktari, miaka ya kufuatilia na uwezo ambao familia nyingi hazina. Kuchelewesha mwanzo kwa mwaka mmoja au miwili kunamaanisha mtoto anafika ukubwani akiwa na jicho fupi zaidi, na huko kuchelewesha ndiko jua linakofanya kazi bora. Haliandikiwi na daktari. Wala halihitaji mtoto aunguzwe: kofia aivae, kivuli cha mti akitumie, kwa sababu hata chini ya mti mwanga ni mkali mara nyingi kuliko wa chumbani. Na jua lenyewe asilitazame, hilo halijadiliwi.

Ukilichukua jambo hivi, maswali ya sera yanageuka. China ndiyo iliyokwenda mbali zaidi kuwabana watoto na skrini: tangu Septemba 2021 michezo ya mtandaoni kwa walio chini ya miaka 18 imewekewa kikomo cha muda wa saa moja tu kwa usiku, tena Ijumaa, Jumamosi, Jumapili na sikukuu pekee. Lakini mpango wake wa macho wa mwaka 2018 unasema jambo lililo wazi zaidi. Lengo la mwaka 2030, wakifanikiwa, ni kushusha idadi ya wasioona mbali katika sekondari ya juu hadi chini ya asilimia 70. Hilo ndilo lengo, yaani ushindi. Nchi inayobana michezo ya kompyuta hivyo, na bado inaona saba kati ya kumi ni hatua ya mbele, inatuambia bila kukusudia kwamba mzizi uko kwenye dawati, kwenye mitihani, kwenye masomo ya ziada ya jioni. Nchini Marekani, ripoti ya Septemba 2024 ya akademia za taifa za sayansi ilipendekeza kutoona mbali kuhesabiwe kuwa ugonjwa, na watoto wawe nje saa moja hadi mbili kila siku. Hakuna anayeshauri watoto waache shule. Elimu ina thamani kuliko dayopta mbili. Kinachoweza kujadiliwa ni saa ngapi za mchana zinaliwa na paa, na nani anazigawa.

Jibu ni kwamba wazazi wanagawa kidogo, shule zinagawa nyingi. Mtoto huingia darasani jua likichomoza na hutoka likielekea kuzama, kisha tunamtaka mzazi amtafutie saa mbili za mwanga usiku. Shule nyingi sasa zina kasha la simu mlangoni, na kila mtoto huiacha yake humo asubuhi. Sina ugomvi na kasha. Darasa bila simu linasikiliza vizuri zaidi. Lakini nenda kwenye shule hizohizo saa ya mapumziko. Mtoto ambaye hakumaliza kunakili ubao anabakizwa ndani amalizie. Aliyepiga kelele anabakizwa pia. Wa mwaka wa mtihani wanabakizwa wote, kwa sababu mtihani uko karibu. Katika jaribio moja la Taiwan, lililochapishwa mwaka 2013, shule ilichofanya ni kuhimiza watoto wote watoke darasani saa za mapumziko, na baada ya mwaka mmoja waliopata tatizo upya walikuwa asilimia 8.41, dhidi ya asilimia 17.65 katika shule jirani iliyoendelea kama kawaida. Haikununuliwa miwani ya bluu wala haikupitishwa sheria. Kengele ilipogonga, watoto walitoka.